Fungua Sanduku Kabla Tangazo Halijatoka

Mdogo wangu, kaa hapa mkekani. Leo hata chai sikupi mpaka nimalize. Juzi jioni nilipita sokoni Urambo kutafuta dagaa, nikakuta foleni kwenye kibanda cha steshenari imefika hadi kwa muuza viatu. Nikadhani kuna mgao wa kitu. Kumbe tangazo la kazi linafungwa usiku ule ule, saa sita kamili, na nusu ya vijana wa mji huu wamekumbuka saa kumi na mbili jioni.

Nikasimama pembeni nikatazama. Yule kijana wa kibanda, mtoto mpole asiye na neno na mtu, ana barua moja tu ndani ya kompyuta yake. Moja! Akija mteja anafuta jina la juu, anaandika jina jipya, anabonyeza, karatasi inatoka, anapokea elfu moja yake, anaita anayefuata. Wote mkaondoka na maneno yale yale: mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Wote mnapenda kusoma vitabu, kusali na kuangalia mpira. Binti mmoja alikuwa anaomba nafasi ya katibu muhtasi. Alipokuwa anaikunja barua yake nikachungulia begani (samahani, ni ugonjwa wangu), nikaona pale kwenye "Yah" pameandikwa maombi ya kazi ya udereva. Dereva aliyemtangulia kwenye foleni alikuwa amemwachia kazi yake. Nikamshika mkono tukarudi kibandani. Tulicheka sana, lakini nilipofika nyumbani kicheko kiliniishia, maana nilianza kujiuliza ni wangapi waliokwisha kupita kabla sijasimama pale.

Sikusemi kwa ubaya. Mimi mwenyewe nilipomaliza uhazili kule Tabora, niliazima barua ya mwenzangu wa bweni, nikainakili kwa mwandiko mzuri kweli kweli, na jina la shule aliyosoma yeye nikalinakili vilevile. Nikasubiri majibu miezi minne. Kila gari likiingia kutoka Tabora moyo unanidunda kama wa mtu anayesubiri mahari. Miaka ikapita, nikaja kukaa masjala ya ofisi moja, nikawa mimi ndiye ninayefungua bahasha, na hapo ndipo nilipoelewa. Ya kwanza unaisoma yote. Ya kumi unasoma aya ya juu. Ikifika ya arobaini, na mchapakazi ni yule yule, macho yanapita juu juu bila kutua. Si roho mbaya, mdogo wangu. Ni kwamba humo ndani hamna mtu. Jina lipo, sahihi ipo (tena wengine hata kusaini husahau), mwenyewe hayumo.

Lakini hata barua bado. Twende kwanza kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Ndiyo, hilo. Tangazo halijatoka, huna haraka na mtu, kwa hiyo litoe leo. Tandika karatasi zako zote chini: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, kitambulisho cha NIDA. Kisha soma majina yako kwa sauti, karatasi moja baada ya nyingine, herufi kwa herufi. Najua utacheka mwanzoni. Huku kwetu L na R ni ndugu wa tumbo moja. Nyumbani wewe ni Kulwa, mwalimu wa darasa la kwanza akakuandika Kurwa, na karani wa kitambulisho naye akasikia lake. Mtemi wetu mwenyewe vitabu vinamwandika Mirambo, shule iliyoko Tabora inaitwa Milambo, na hapungukiwi kitu. Lakini yeye alikufa mwaka 1884, hakuwahi kuombwa namba ya NIDA. Wewe unaombwa. Na namba ile yenye tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kama baba alikupunguzia miaka miwili ili uonekane mdogo shuleni, mfumo utaona tofauti kabla binadamu hajaiona.

Najua hapa wengi mnaona aibu. Mnaficha, mnasema labda hawataangalia. Wataangalia. Na wala si kosa lako; mtoto hajiandikishi mwenyewe. Dawa ipo: majina yakitofautiana kuna hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, na kama jina limebadilika kabisa kuna hati ya kubadili jina ambayo husajiliwa. Cheti cha kuzaliwa ni mambo ya RITA, unaanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ila dawa hizi zinataka siku zake, na tangazo mara nyingi hukaa wazi wiki mbili tu. Ndiyo maana nakutesa leo.

Na kile cheti cha kidato cha nne ambacho mpaka sasa hujakifuata shuleni? Unatembea na ile hati ya matokeo, imechoka, imekunjika mara nane, unadhani inatosha. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema waziwazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hayakubaliki. Wanataka cheti chenyewe, na vivuli vyake vithibitishwe na mwanasheria. Nimeona binti amelia kwenye simu akiwa stendi ya Urambo, tangazo linafungwa kesho, mhuri wa wakili ni wa kuufuata Tabora, kilomita 90 hivi, na gari la mwisho limeondoka. Siku ya kwenda uchi ndiyo siku ya kukutana na mkwe. Ukishavitoa vivuli vyako, vitie kwenye nailoni. Panya wa kwetu hawachagui kati ya mahindi na shahada, na ukivitundika karibu na bani la tumbaku vitanuka moshi mpaka ustaafu.

Kuna jambo jingine dogo linaloniuma kuliko yote. Barua pepe yako nani aliifungua? Kijana wa kibanda. Nywila anaijua nani? Kijana wa kibanda. Amehamia wapi? Kahama. Basi na kazi yako imehamia Kahama. Nafasi nyingi za serikali siku hizi huombwa kupitia mfumo wa Ajira Portal, na barua ya mkononi hata ukiipeleka kwa machozi haitapokelewa. Akaunti ile ndiyo nyumba yako. Utampaje mpita njia ufunguo, kisha ukakosa nakala? Kaa naye, mwambie nifundishe, nitabonyeza mwenyewe. Andika nywila kwenye daftari ulifiche. Na namba ya simu uliyoiweka iwe yako, si ya shemeji anayezima simu akiingia porini kurina asali.

Haya, tangazo limetoka. Usikimbilie kibandani. Wazee wetu hapa wanaukumbuka Mpango wa Karanga. Mwaka 1946 Waingereza walituma watu watatu, mkuu wao John Wakefield, kuja kukagua nchi. Wakazunguka wiki chache, sehemu kubwa wakiitazama kutoka juu kwa ndege, wakarudi na habari njema. Mwaka uliofuata kazi ikaanza, na Urambo ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yakaja, mengine vifaru vya vita vilivyogeuzwa vya kulimia, kabla udongo haujaulizwa wala mvua haijahesabiwa. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, pauni zaidi ya milioni 36 zimepotea, na karanga ya kusema hii hapa hakuna. Tumbaku iliyotusomesha mimi na wewe ndiyo iliyokuja kushika nafasi.

Sasa wewe ukisoma kichwa cha tangazo na tarehe ya mwisho tu, uko kwenye ndege ya Wakefield. Shuka. Chukua kalamu ya risasi, pigia mstari kila wanachokitaka. Nikupe mfano wa nafasi ya mtendaji wa kijiji, maana ndiyo mnayoikimbilia. Wanataka kidato cha nne au cha sita pamoja na cheti cha utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani za namna hiyo kutoka Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Huna hicho? Usitume, mdogo wangu. Elfu zako za steshenari nunulia sabuni. Unacho? Basi shuka chini zaidi, kwenye majukumu, pale ambapo hakuna anayesoma. Utakuta mtendaji ndiye katibu wa vikao vya kijiji, ndiye mtunza kumbukumbu, ndiye msimamizi wa ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Na wewe, kwa miaka mitatu, si ndiye katibu wa kikundi cha vikoba cha mama zetu? Si wewe unayeandika mihutasari, unayekumbusha madeni bila kugombana na mtu? Mbona kwenye barua umeniambia unapenda kuangalia mpira?

Hapa ndipo ninapokasirika, nisamehe. Binti yule wa "udereva" nilimuuliza ana uzoefu gani. Akainamisha kichwa: "Sina, dada." Nikamuuliza msimu wa masoko ya tumbaku huwa yuko wapi. Akasema yuko kwenye chama cha msingi, anaandika daftari la mizani. Yaani mtoto anapokea marobota, anaandika uzito mbele ya mkulima mwenye wasiwasi na karani wa kampuni mwenye haraka, jioni anafunga hesabu, na hesabu ikipishana hakuna anayelala, halafu ananiambia hana uzoefu! Nani aliwadanganya kwamba kazi ni ile ya kiyoyozi peke yake? Tukakaa kwenye gogo pale nje, tukafuta mchapakazi na mwaminifu. Tukaandika hivi: "Kwa misimu miwili nimeandika daftari la mizani katika chama cha msingi cha kijiji chetu, nikipokea marobota, kuandika uzito mbele ya mkulima na kufunga hesabu kila jioni." Hakuna sifa hata moja hapo. Lakini msomaji ataujua uaminifu wake bila kuambiwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hili nawapinga, wanisamehe huko waliko. Chema kikikaa kimya ndani ya bahasha hakijiuzi. Kisemee, ila usikitie chumvi.

Barua yenyewe ukurasa mmoja unatosha. Anwani yako juu kulia, ya mwajiri chini yake kushoto, na cheo chake ukiandike kama kilivyo kwenye tangazo: kama ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, usiniandikie "Mkuu wa Kazi". Sema nafasi unayoomba, sema ulichosomea, kisha mambo mawili matatu uliyoyafanya kwa mikono yako yanayofanana na kazi yao. Weka sahihi. Wasifu, huo mnaouita sivii, nao usiwe mzigo. Wapagazi wetu wa Kinyamwezi walikuwa wakibeba frasila mbili, kilo thelathini na kitu, kutoka huku mpaka pwani, na mzigo ukizidi walijua kuuweka chini. Karatasi sita kuanzia chekechea ni mzigo, na anayesoma atautua.

Wadhamini. Ee Mungu wangu, wadhamini! Wanatakiwa watatu, nanyi mnaandika mbunge, mchungaji, na mjomba aliyeko Dar es Salaam ambaye mara ya mwisho alikuona ukinyonya. Mmoja nilipompigia mdhamini wake, mkewe akapokea akaniambia mzee alizikwa mwaka jana. Nikabaki natoa pole ya msiba kwa habari ya kazi.

Ngoja nikukumbushe mtu mmoja aliyepita njia hii yetu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto hadi India, akarudi Zanzibar, mwaka 1857 akaajiriwa na wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, akafika nao Kaze, ndiyo Tabora hiyo. Hakuwa na cheti. Lakini Speke aliporudi mwaka 1860 alimtaka tena, Stanley mwaka 1871 alipofika Zanzibar akamtafuta yeye na wenzake waliofanya kazi na Speke, na Cameron mwaka 1873 naye akamchukua mpaka wakatokea bahari ya magharibi. Wasifu wake ulikuwa vinywani mwa watu aliosafiri nao, wanaojua aliamkaje siku ya njaa. Hata lawama zake walizijua, maana Stanley hakumalizana naye bila ugomvi. Mdhamini ndiye huyo: aliyekuona kazini. Mwalimu aliyekusimamia mafunzo kwa vitendo, mganga mfawidhi wa zahanati ulikojitolea, mwenyekiti wa chama aliyekukabidhi daftari. Nenda kwake kwa miguu yako, msalimie, mwombe ruhusa, mwambie umeomba kazi gani, ili siku akipigiwa asishangae, "Nani? Kulwa yupi?"

Sasa mtaniambia, dada, unatuchosha bure, bila koneksheni hupati kitu. Siwezi kukudanganya kwamba dunia imenyooka. Ninachokijua ni kwamba wanaolia kukosa koneksheni, wengi wao karatasi zao zilianguka kwenye hatua ya kwanza, ya kukagua viambatisho, ambako mjomba hana nafasi. Na hofu hiyo hiyo ya koneksheni ndiyo mtaji wa matapeli. Anakupigia mtu mwenye sauti nzito, anajua jina lako, anataka laki moja na nusu ya "fomu" na "faili". Mama anauza mbuzi. Kuomba kazi serikalini hakulipiwi, mdogo wangu. Hakulipiwi. Ukiombwa hela na mtu wa ofisi, TAKUKURU wana namba 113, wapigie bila malipo. Na mbuzi abaki zizini.

Wapo pia wanaonong'ona kuhusu cheti cha "kutengenezwa". Kaka zako waliokuwepo mwaka 2017 wakusimulie. Mwezi wa nne mwaka ule Rais Magufuli alikabidhiwa kule Dodoma ripoti ya uhakiki, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa kazini miaka ishirini, wamejenga, wana watoto vyuoni, wanaheshimika mtaani, na mshahara ukakatika. Nilimjua mmoja. Alikuwa mchapakazi kweli kweli, si yule wa kompyuta. Mpaka leo akipita huvuka upande wa pili wa barabara asisalimiwe.

Ukishatuma, utasubiri. Hapo sina dawa. Utafungua orodha ya walioitwa kwenye usaili, utashusha kidole taratibu, utafika kwenye herufi yako na jina halipo, na utaisoma tena kama vile litaota. Nami nimewahi. Usiku huo lia, ni haki yako, ila usimjibu mama vibaya akikuuliza. Asubuhi fungua nakala ya ulichotuma (umeweka nakala, si ndiyo?) usome kama karani wa masjala anavyosoma. Mara nyingine utaiona mwenyewe, kivuli kisicho na mhuri, tarehe iliyoachwa. Mara nyingine hutaona kosa lolote. Walikuwa wengi, nafasi mbili. Na wewe unayeniambia umezeeka, una miaka thelathini na moja: matangazo ya serikali kwa kawaida yanasema umri usizidi 45. Utanizeekea hapa mkekani, kwa ruhusa ya nani?

Jina likitokea, ndiyo utarudi hapa tuzungumze usaili, maana huko nako mna vituko vyenu, kuna wa mchujo, kuna wa vitendo, kuna wa kukaa mbele ya watu watano na sauti ikakauka. Leo siwezi, dagaa wananiungulia.

Nenda nyumbani, vuta lile sanduku. Mama akiamka kwa kelele za bati akakuuliza unatafuta nini usiku huu, mwambie unatafuta jina lako. Na ukikuta kwenye kitambulisho limeandikwa kwa R, kesho asubuhi nipitie, twende wote kwa hakimu.